Mfanyakazi bora wa zahanati: nesi wetu tumpime kwa kipi?

#1 Mjumbe wa Zahanati
Wakuu, heshima kwenu.

Mimi ni mjumbe wa kamati ya usimamizi ya zahanati ya kijiji chetu, huu mwaka wa tatu. Kila Mei Mosi ikikaribia tunatakiwa kupeleka jina la mfanyakazi bora. Wafanyakazi wenyewe wako watatu: tabibu, ambaye ndiye mganga mfawidhi, nesi mmoja na mhudumu wa afya. Miaka miwili mfululizo limekwenda jina la tabibu. Safari hii nikauliza kikaoni, mbona nesi hatajwi? Mwenyekiti akanigeukia: "Kafanya nini cha kuonekana?" Nikafungua mdomo, nikakuta sina la kusema.

Jumatano iliyofuata nikaenda makusudi, nikakaa benchi la nje tangu saa moja na nusu asubuhi. Siku ya kliniki ya watoto. Tabibu kaitwa semina wilayani. Nesi anapima uzito kwenye ile mizani ya kuning'inia, mtoto anavalishwa kaptura ya kitambaa anatundikwa kama boga. Anasoma, anaandika kadi, anaandika kitabu, anachoma chanjo, anamweleza mama tarehe ya kurudi. Katikati anaitwa ndani, kuna mzazi ameshikwa na uchungu. Anaingia, anatoka, ananawa, anaendelea na foleni. Mpaka saa nane mchana nilishahesabu watu zaidi ya hamsini waliopita mikononi mwake. Nilipokaa kuyaandika kwenye karatasi ya mapendekezo yakawa neno moja: "Anajituma."

Nauliza kwa nia njema: mchango wa nesi kwenye afya ya msingi unapimwa kwa kitu gani? Kikao cha mwisho ni wiki ijayo.

#2 Kitunguu Swaumu
Nesi bora ni yule ambaye hajawahi kukuuliza "ulikuwa wapi siku zote?" Ukimpata mpe na ng'ombe kabisa.

#3 Takwimu Tupu
Mleta mada, mbona vipimo vipo. Utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa afya ya uzazi na mtoto wa 2022 ulikuta vifo vya wajawazito na wazazi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2015/16 ulikuwa na 556. Waliojifungulia kituoni walipanda kutoka asilimia 63 hadi 81. Vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 67 hadi 43 kwa kila vizazi hai 1,000.

Sasa jiulize, huyo anayewapokea hao asilimia 81 usiku wa manane ni nani? Daktari bingwa? Ni nesi mkunga. Mpelekee mwenyekiti wako hizo namba, umemaliza.

#4 Mpimaji Ardhi
#3 unakimbia mno. Hizo ni namba za nchi nzima, huwezi kumvisha nesi wa kijiji kimoja. Halafu hiyo ya vifo vya wazazi inapatikana kwa kuwauliza watu habari za dada zao waliozaliwa nao tumbo moja: yupo hai, alifariki, alikuwa mjamzito? Kwa hiyo inabeba miaka kadhaa iliyotangulia utafiti, siyo mwaka ule tu, na kiwango cha makosa yake ni kipana. Kwamba vimeshuka sibishi. Ila vimeshushwa na nini?

Katika miaka hiyohiyo vituo vya afya vya kata vingi vimepata vyumba vya upasuaji. Barabara zimefunguliwa. Ukaja mfumo wa m-mama, unapiga 115 bure na dereva wa mtaani anakuja kumbeba mzazi aliyeshindikana. Wasichana wamesoma zaidi ya mama zao. Ukimpa nesi sifa zote, hawa wengine utawalipa nini?

#5 Bodaboda wa Kata
Sisi madereva tumetajwa, ahsante #4. Ila ukweli usemwe. Anayepiga hiyo 115 ni nesi. Mimi napigiwa niende, nikifika nakuta mama ameshawekewa dripu na karatasi ya rufaa imeandikwa. Yule nesi akichelewa kushtuka saa moja tu, mimi hata niwe na ndege nabeba maiti.

#6 Takwimu Tupu
Umepiga kwenye mshono.

#7 Mwanakilifi
Hamjambo ndugu zangu wa huko. Huku Kenya swali hili tulijibiwa bila kuuliza. Madaktari waligoma siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017. Hospitali kubwa zilifungwa, magazeti yakalia kila siku. Lakini huku kwetu mashambani zahanati zilikuwa wazi, watoto wakichanjwa kama kawaida, maana zahanati nyingi za huku zinaendeshwa na manesi peke yao, daktari hakanyagi.

Kisha Juni 2017 wakagoma manesi. Wakakaa nje hadi Novemba, karibu miezi mitano. Hapo ndipo kijiji kilijua. Mama mkwe wangu ana shinikizo la damu, hakupata wa kumpima. Dada yangu alizunguka na mtoto wa miezi tisa akitafuta sindano ya surua, mwishowe akalipa pesa kwa kliniki ya kibinafsi mjini. Mlango wa zahanati ulikuwa na kufuli na buibui.

Basi kama wataka kumpima nesi, mwondoe uone.

#8 Mpimaji Ardhi
Mwanakilifi, hoja yako tamu ila ina tobo. Desemba 2016 manesi wenu nao waligoma pamoja na madaktari kwa siku chache kabla ya kurudi kazini. Na ukimwondoa mlinzi mwenye ufunguo zahanati inafungwa vilevile. Hiyo inaonyesha kwamba mtu anahitajika, haionyeshi kwamba anafanya kazi vizuri.

#9 Mwanakilifi
Ni kweli walitoka wote Desemba, nilisahau, umenikosoa sawa. Lakini mlinzi akitoka wengine twachonga ufunguo. Nesi twachonga na nini?

#10 Kitunguu Swaumu
😂😂 Mpimaji Ardhi leo umepimwa wewe.

#11 Zamu ya Usiku
Nimesoma kimyakimya nikaona niseme, maana mimi ndiye mnayemjadili. Nesi mkunga, ngazi ya cheti, zahanati ya kijijini, mwaka wa nane.

Mnataka kujua kinachopimwa? Kinapimwa chenye safu kwenye kitabu. Wajawazito kitabu namba 6, watoto namba 7, uzazi wa mpango namba 8, leba namba 12. Mwisho wa mwezi nahesabu mistari, najaza ripoti. Jambo lisilo na safu halikutokea.

Niwape mfano mmoja. Chanjo ya surua na rubela inakuja kichupa cha dozi kumi. Ni unga, unachanganya na maji yake. Ukishachanganya una saa sita tu, kinachobaki unamwaga. Sasa siku ambayo siyo ya kliniki anakuja mama na mtoto wa miezi tisa, ametembea tangu alfajiri, amemfunga mgongoni, miguu ina vumbi hadi magotini. Mtoto ni huyo mmoja. Nikifungua kichupa, namchanja mmoja namwaga dozi tisa. Kwenye leja ya chanjo inasomeka upotevu, na wakija wa usimamizi shirikishi naulizwa mbona upotevu uko juu. Nikimwambia "mama rudi Jumatano", leja yangu inang'aa. Na yule mama pengine harudi.

Mwongozo tuliofundishwa unasema fungua. Mimi nafungua. Lakini ukiletewa makaratasi ya manesi wawili, mmoja anafungua na mwingine anarudisha watu, nani ataonekana bora mezani?

Sasa hivi kuna na PEPMIS, mfumo wa serikali wa kupima utendaji wa mtumishi kwa mtandao. Nijaze nimetekeleza nini, msimamizi athibitishe. Mtandao unashika kule juu kwenye mwembe wa shule. Nimuache mzazi ambaye njia imeshafunguka sentimita saba nikapande kwenye mwembe kuandika kwamba nahudumia wazazi?

#12 Chaki Nyeupe
Dada, usiniguse na PEPMIS nikalia. Mimi mwalimu, enzi za OPRAS, zile fomu za zamani za kupima utendaji, tulikuwa tunajaza mara moja tunasahau. Sasa hivi naingiza malengo usiku na watoto wangu wamelala. Kuna mwenzetu aliwahi kuandika lengo "kufundisha", akarudishiwa kwamba halipimiki.

#13 Kitunguu Swaumu
Walimu rudini kwenye uzi wenu.

#14 Mama Pacha
Samahani naharibu sherehe. Mnaongea habari za namba na vichupa. Mimi 2014 nilijifungulia kituo fulani sitakitaja. Pacha. Nilipopiga kelele nikaambiwa "wakati unatafuta mimba ulikuwa unapiga kelele hivi?" Nikazabwa kofi la paja. Wa kwanza akatoka salama. Wa pili nilisema anakuja, nikaambiwa bado, lala chini. Nilimzaa peke yangu, kitandani, mimi nikimshika kwa mikono yangu. Yuko hai, yuko darasa la tano, ndio maana naweza kuandika.

Sasa kwenye hicho kitabu namba 12 mimi nimeandikwaje? Mama mmoja, watoto wawili, hai, hai. Nesi amefaulu. Mimi mimba iliyofuata nilizalia kwa bibi yangu, na mtanisamehe.

#15 Zamu ya Usiku
Pole sana dada yangu. Sina cha kutetea hapo.

#16 Tabibu Mdogo
Mama Pacha pole. Niongeze jambo moja kwa nia ya kuweka sawa tu. Huku kwetu kila aliyevaa nguo nyeupe anaitwa nesi. Kuna muuguzi mkunga aliyesomea na mwenye leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, na kuna mhudumu wa afya ambaye mafunzo yake ni mafupi lakini uhaba unamsukuma mpaka leba. Inawezekana aliyekufanyia vile hakuwa muuguzi.

#17 Mama Pacha
Nilikuwa nimuombe leseni huku kichwa cha mtoto kimetokeza?

#18 Tabibu Mdogo
Nimenyamaza.

#19 Kapu la Ndizi
Hizi asilimia za kujifungulia kituoni mnazoshangilia, kwetu kuna sheria ndogo ya kijiji. Ukizalia nyumbani unapigwa faini. Wengine wanakwenda kituoni kwa kumwogopa mtendaji. Na kaya zilizo TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, zinatakiwa zipeleke watoto kliniki, ni sharti la ruzuku. Siku ya kliniki inayofuata malipo benchi linajaa hadi chini ya mti. Hapo sifa mpeni mtendaji au TASAF. Nesi yeye anapokea tu.

#20 Bodaboda wa Kata
Kapu, wanakwenda mara ya kwanza kwa kumwogopa mtendaji. Mara ya pili je? Kata yetu ina zahanati mbili, faini ni ileile. Kina mama wananilipa mpaka ile ya mbali wakati ya karibu wanaipita mlangoni. Nikiwauliza wanasema "kule kuna nesi fulani". Mimi naona hicho ndicho kipimo. Nauli wanatoa mfukoni kwao.

#21 Mpimaji Ardhi
Hiyo ya nauli nimeipenda kuliko zote humu. Ila inapima anayependwa. Anayependwa na anayeokoa huenda ni watu wawili tofauti.

#22 Mstaafu wa Chanjo
Wanangu, marahaba kwa mtakaoniamkia.

Nilianza kazi mwishoni mwa miaka ya sabini kama msaidizi wa afya ya mama na mtoto, wakituita MCHA. Miezi kumi na nane ya mafunzo, baiskeli, sanduku la baridi, basi. Baadaye tukaendelezwa tukawa wauguzi wa afya ya jamii. Watu wanafikiri afya ya msingi ilizaliwa kwenye mkutano wa dunia wa Alma Ata Septemba 1978. Pale ilipewa jina na dunia nzima ikasaini. Sisi huku baada ya Azimio la Arusha fedha zilikuwa zimeshaanza kuelekezwa zahanati za vijijini badala ya hospitali za mjini.

Tulipimwaje? Msimamizi wangu, Mungu amrehemu, hakuwa anaanza na vitabu. Akishuka kwenye gari anakwenda nyumba tatu za karibu na zahanati na moja ya mbali kabisa. Anaomba kadi za watoto. Kadi ya mtoto wa nyumba ya mbali ndiyo alikuwa ananihukumu nayo. Wa karibu wanakuja wenyewe, alikuwa akisema, hao huna kazi nao.

Siku hizi gari la usimamizi linaishia ofisini kwa mfawidhi. Soda, vitabu, saini, wameondoka.

#23 Takwimu Tupu
Shikamoo bibi. Hii ya nyumba ya mbali ingefaa iandikwe kwenye miongozo.

#24 Mstaafu wa Chanjo
Marahaba. Mimi babu.

#25 Kitunguu Swaumu
😂😂😂 Nimemwaga chai. Takwimu Tupu umekosa hata jinsia.

#26 Mhasibu wa Halmashauri
Nirudi kwenye mada. Kuna njia ilijaribiwa mkoa wa Pwani kuanzia 2011, malipo kwa ufanisi. Kituo kikifikia malengo, wafanyakazi wanapata bonasi. Watafiti walilinganisha na wilaya ambazo hazikuwemo. Kujifungulia kituoni kulipanda kwa alama za asilimia 8 hivi, na wajawazito kupata dozi ya pili ya SP, dawa ya kuzuia malaria, kulipanda kwa alama 10 hivi. Kwa hiyo ukimpima nesi na kumlipa kwa kipimo, anasogea. Tusijifanye haiwezekani.

#27 Zamu ya Usiku
Mhasibu, anasogea kwenye kile kinacholipiwa. Nikuulize kama mtu wa hesabu: partografu unaijua? Ile chati ya kufuatilia uchungu, mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa, kufunguka kwa njia kila saa nne. Inatakiwa ijazwe mama akiwa kitandani, maana ndiyo inayokuonya kwamba hapa mambo yanakwama, andika rufaa. Sasa tembelea vituo, uone zilivyo safi, mstari umenyooka kama rula. Nyingi zimejazwa mtoto akiwa ameshanyonya. Alama inatafutwa kwa sababu mkaguzi anaangalia kama karatasi ipo. Na siwalaumu wenzangu. Ukiwa peke yako na wazazi wawili, mikono ni miwili, kalamu ataishika nani?

#28 Tabibu Mdogo
Kuna ushahidi mwingine mzuri kuliko wa Pwani. Mafunzo ya kumsaidia mtoto mchanga apumue, yale ya mdoli na mfuko wa kupulizia hewa. Matokeo ya Tanzania yalichapishwa 2013: vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Unamkausha, unamsugua mgongo, asipolia unampulizia ndani ya dakika moja. Wengi wa wanaofanya hivyo ni wakunga. Hiyo ni kazi ya mikono ya nesi moja kwa moja, hakuna barabara wala TASAF ndani yake.

#29 Mpimaji Ardhi
Na ile ilikuwa hospitali nane, mkuu, siyo zahanati. Hospitali ina mtu wa kuita.

#30 Tabibu Mdogo
Kweli, hospitali. Lakini dakika ile ya kwanza hata hospitali huwa hakuna wa kuita, ni aliyesimama pale.

#31 Kapu la Ndizi
Tatizo la uzi huu ni kwamba mnatafuta mtu mmoja wa kumpa kikombe. Pale zahanati kuna nesi, tabibu, mhudumu, na wale wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba kuwaambia wajawazito waende mapema. Hata hiyo hadithi ya Mstaafu, nyumba ya mbali siku hizi anaifikia mhudumu wa jamii. Nesi hatoki.

#32 Zamu ya Usiku
Nesi hatoki? Njoo siku ya huduma ya mkoba nikupakie nyuma ya bodaboda na kiboksi cha baridi mapajani, kilomita kumi na tisa, njia ya ng'ombe. Tukifika tunatandaza khanga chini ya mbuyu. Nikirudi jioni zahanati imefungwa siku nzima na kwenye ripoti ya wagonjwa wa siku hiyo ni sifuri.

#33 Bodaboda wa Kata
Na nauli ya huduma ya mkoba inalipwa baada ya miezi mitatu. Hilo nalo liandikwe.

#34 Mjumbe wa Zahanati
Wakuu nimerudi, nawashukuru wote, hata waliocheka. Kikao kilikuwa jana.

Nilifanya mambo mawili kutoka humu. La kwanza la Mstaafu: nilikwenda kitongoji cha mwisho, nyumba tatu, nikaomba kadi. Mbili zimekamilika mpaka miezi kumi na nane. Ya tatu imeishia wiki ya kumi na nne. Mama akaniambia alikwenda akafokewa kwa kuchelewa tarehe, hakurudi tena. Nikamuuliza na nani? Akasema nesi. Huyuhuyu wetu. Mama Pacha nilikukumbuka hapo, na nimeliandika.

La pili la Zamu ya Usiku. Nilimwomba nesi anionyeshe leja ya chanjo. Alinipa bila kusita ila alininunia, akidhani nimetumwa. Nikakuta siku nne katika mwaka ambazo kichupa cha surua kimefunguliwa kwa mtoto mmoja.

Nikapeleka karatasi yenye mistari tisa. Mwenyekiti akaisoma kwa sauti, akafika kwenye ule wa vichupa vinne, akauliza, "Dozi thelathini na sita zimemwagwa?" Nikasema ndiyo. Akachukua kalamu akaukata mstari, akasema hatuwezi kumsifu mtu kwa upotevu wa mali ya umma. Ule wa kumfokea mama akauacha. Jina halijaamuliwa, akidi ilipungua, tumeahirisha hadi Jumamosi.

#35 Kitunguu Swaumu
Mwenyekiti wenu anafaa kuwa mkaguzi wa mahesabu.

#36 Mpimaji Ardhi
Mjumbe, kwa mara ya kwanza kwenye uzi huu sina la kupinga. Ila usiufute ule wa kufoka.

#37 Mama Pacha
Usiufute. Na yule mtoto wa kadi ya tatu, kuna aliyemfuata?

#38 Mjumbe wa Zahanati
Nilimwambia nesi jina la kitongoji. Hakunijibu kitu. Leo asubuhi Bodaboda wa hapa kwetu kanipita na kiboksi cha baridi, nesi nyuma.

#39 Mstaafu wa Chanjo
Jumamosi nenda na kadi ya huyo mtoto mkononi, na ule mstari uurudishe kwa wino mwingine.